Mofini ya baba, na mimi niliyesimama dirishani badala yake

Wiki iliyopita mdogo wangu alienda famasi kumchukulia baba mofini, ile dawa kali ya maumivu, kwa mara ya kwanza. Miezi yote hii nilikuwa naenda mimi, sasa nimesafiri kikazi wiki tatu na hamna namna nyingine. Usiku wa kabla sijaondoka nilianza kumwandikia meseji ya maelekezo nikajikuta naandika tu, naandika, mpaka simu ikaishiwa chaji, nikasema hii bora niiweke na hapa maana wapo wengi wanaotumwa kuchukua dawa za namna hii kwa ajili ya mzazi au mtoto au mwenza na hakuna anayewaambia kitu mpaka wafike pale dirishani wakwame.

Baba ana saratani ya tezi dume na imeshafika kwenye mifupa. Aliyewahi kukaa na mtu mwenye maumivu ya mifupa ananielewa. Alianza na parasetamo, akaongezewa tramado, ikafika mahali zote zikawa kama maji tu, ndo daktari akaandika mofini ya kunywa, miligramu 10 kila baada ya masaa 4, na usiku wakati wa kulala anakunywa mara mbili kwa mkupuo mmoja ili asiamke katikati. Mofini ya maji haikai sana mwilini, masaa 4 hivi imeisha nguvu. Kwaiyo hayo masaa 4 ndo yamekuwa saa ya nyumba yetu, simu ya mama inalia alamu, simu yangu inalia, tunajua nani yuko zamu.

Mara ya kwanza nilienda Ijumaa jioni. Chupa ilikuwa imebaki na dozi mbili, nikaona muda upo, dawa ninayo kwenye karatasi, cheti kina saini na muhuri, nini tena. Mfamasia akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena, alafu akanirudishia. Daktari alikuwa ameandika kiasi cha dawa kwa tarakimu peke yake, hakuandika kwa maneno. Kwa dawa za kundi hili sehemu nyingi sheria inataka vyote viwili, tarakimu na maneno, kwa sababu sifuri moja ni rahisi sana kuongezwa na kalamu ya mtu mwingine. Nikamwomba, dokta si umalizie tu hapo, unaona kabisa ni 300. Akaniambia kwa upole, "Dada, mimi mwandiko wa daktari siruhusiwi kuugusa, na wewe usiuguse, ukiandika chochote hapo hiki cheti kimeshakufa." Kliniki ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

Ule usiku sitausahau. Nilipoingia tu baba aliniuliza kutoka chumbani, "Umeipata mwanangu?" na mi nikasema bado baba, kesho. Dozi ya mwisho ilikuwa saa nne usiku. Saa nane alikuwa ameshika kingo ya kitanda kwa mikono miwili, hasemi, jasho linamtoka, mama anamfuta uso na mimi nimekaa sakafuni napiga simu kila namba niliyo nayo. Asubuhi tulimbeba kwenda idara ya dharura, daktari wa zamu akampima upya, akamchoma sindano, akatuandikia cheti kingine cha siku tatu. Siku mbili zile nilikuwa na hasira na yule mfamasia kuliko nilivyowahi kuwa na mtu yeyote.

Hasira ilikuja kupungua nilipokaa nikaelewa kinachofanyika nyuma ya lile dirisha. Mofini haikai kwenye shelfu na dawa nyingine, inakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Kila mililita inayotoka inaandikwa kwenye rejista, tarehe, jina la mgonjwa, jina la daktari, nani kachukua, kiasi gani kimetoka na kiasi gani kimebaki, na akija mkaguzi anachukua chupa zilizopo analinganisha na kile kitabu, zikipishana mfamasia ndo anajibu. Na haiishii hapo, kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 unaosimamia dawa hizi, kila nchi inapeleka makadirio ya mahitaji yake ya mwaka kwenye Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya iliyoko Vienna. Ndo maana dawa ikiisha kwenye famasi moja hawawezi tu kukimbia jirani kuazima kama wanavyoazima dawa ya kikohozi.

Lakini mkataba ule ule wa 1961, pale mwanzoni kabisa, unasema kwamba dawa hizi haziwezi kukosekana katika kutuliza maumivu na mateso na kwamba lazima ziwepo za kutosha kwa kazi hiyo. Hiyo sehemu inasahaulika sana. Mofini imekuwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilitoa hesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Sifuri nukta moja. Nikisoma hivyo namkumbuka baba na ile kingo ya kitanda, alafu nawaza nyumba ambazo hamna hata cheti cha kukosewa.

Basi tangu siku ile siendi na dozi mbili. Chupa ya mililita 300 yenye miligramu 10 kwenye kila mililita 5 inamkalisha baba siku 10, ila siku zikiwa mbaya anapewa dozi za katikati na hapo inaisha ya nane, kwaiyo mi nahesabu kwa siku mbaya sio kwa siku nzuri. Siku 5 kabla haijaisha nakuwa nimeshapata cheti, na nakisoma pale pale mbele ya daktari kabla sijanyanyuka kwenye kiti, jina la baba kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, nguvu ya dawa, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, saini. Sioni aibu tena. Alafu napiga simu famasi kuuliza kama wanayo na ni kiasi gani, maana wakiwa na pungufu wanaweza kukupa nusu na iliyobaki ukaambiwa rudi, na vyeti hivi muda wake wa kutumika ni mfupi kuliko vya kawaida, ukizubaa nusu yako inapotea unaanza upya. Kitambulisho changu ninacho, cha baba ninacho, na barua aliyoandika yeye mwenyewe akiwa na nguvu, kwamba mimi ni binti yake na amenituma. Kuna siku hawaulizi barua kabisa, kuna siku yupo mwingine anaiuliza kwanza kabla ya salamu.

Na pale dirishani sisogei mpaka nimehesabu. Kama ni maji naangalia kizibo hakijafunguliwa na kiwango kiko sawa, kama ni vidonge nahesabu mbele yake, wote wawili tunaona, ndo naweka saini. Ukishatoka nje ya mlango hamna mtu anaweza kukuongezea kidonge kimoja kilichopungua, hata akikuamini.

Sasa nikwambie kitu kilichonitisha kuliko hata ule usiku.

Mwezi wa tatu hivi nilienda kama kawaida nikapewa chupa ndogo, ya mililita 30. Nikajua wamenipunja. Yule mfamasia (yule yule wa Ijumaa, tumeshazoeana, siku hizi ananiita mwanangu) akaniambia hapana, ya zamani haipo, hii ni ile kali, kila mililita 1 ina miligramu 20, na daktari ameshaibadilisha kwenye cheti. Dawa yote ya siku 10 imo humo. Dozi ya baba ni nusu mililita, inavutwa kwa sirinji isiyo na sindano. Akanionyesha mstari kwenye sirinji kwa kucha yake, akanirudisha nimwonyeshe na mimi. Nikaelewa vizuri kabisa nikashukuru nikaondoka.

Niko njiani ndo damu ikanikauka. Aliyeelewa ni mimi. Anayemnywesha baba usiku ni mama. Na mama ana kale kakikombe ka mililita 5 pembeni ya kitanda, anakamimina gizani kwa mazoea, na usiku anamimina mara mbili. Mililita 5 za chupa ya zamani ni miligramu 10. Mililita 5 za ile chupa iliyokuwa kwenye mkoba wangu ni miligramu 100. Mara kumi. Ningeiweka tu mezani nikaingia kuoga, mtu angekufa nyumbani kwetu kwa mkono wa mtu anayempenda.

Nilipofika nilichukua kakikombe nikakaharibu, chupa ya zamani yenye tone chini nikaitenga kwa ajili ya kuirudisha famasi, nikamkalisha mama na sirinji na maji ya kawaida tukavuta nusu mililita mara ishirini mpaka akawa anavuta bila kuangalia mkono wangu. Nikaandika kipimo kipya kwa maka peni kubwa kwenye karatasi juu ya kabati. Nakwambia hivi kwa sababu unapochukua dawa kwa niaba ya mtu, mgonjwa hayupo pale, anayemnywesha pengine hayupo pale, maneno ya mfamasia yanakufikia wewe tu na wewe ndo lazima uyabebe yafike yakiwa mazima kama ile chupa. Chupa ikibadilika umbo, rangi ya kidonge ikibadilika, jina likiwa na neno limeongezeka mbele au nyuma, uliza hapo hapo. Kuna vidonge vya mofini vinavyoachia dawa polepole kwa masaa 12, ukivisaga ili mgonjwa ameze kirahisi dawa yote inaingia kwa mara moja. Kuna plasta za fentanili za kubandika kwenye ngozi, zinakaa siku 3, joto la jua au la chupa ya maji moto linaifanya dawa iingie kwa kasi, na hata plasta ikishatolewa bado ina dawa ya kumdhuru mtoto akiiokota.

Ndo nilipoanzisha daftari. Ni daftari la shule la kawaida. Kila dozi inaandikwa saa na aliyetoa, maumivu kutoka 0 mpaka 10 baba anasema mwenyewe, amelala vipi, ametapika au la, choo amepata lini. Hii ya choo naomba usiione ndogo. Mofini inafunga choo karibu kwa kila anayeitumia na haizoeleki kama kichefuchefu kinavyozoeleka baada ya siku chache, kwaiyo dawa ya kulainisha choo inatakiwa itoke pamoja na mofini dirisha lile lile, kama haipo kwenye cheti uliza kwa nini. Na ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika dalili za kutusukuma tukimbie hospitali bila kusubiri mtu, akilala usingizi asioamshika, pumzi zikiwa chache na za kuvuta, mboni za macho zikiwa kama ncha ya sindano.

Nyumbani dawa inafungiwa, ufunguo upo na mimi na mama. Shangazi alikuja kumwona baba mgongo ukiwa unamsumbua, akasema mnipe hata kidogo tu na mimi nilale. Nampenda shangazi yangu na nilimnyima. Kipimo cha baba kimepanda taratibu na mwili wake umekizoea, wake haujui hata tone. Hakunielewa siku ile, akasema dawa yenyewe ya kulevya mnaibania. Maneno kama hayo yanamuumiza sana baba, kuna wiki alianza kuruka dozi kisa kuna mtu kamwambia atakuwa teja. Nesi wa tiba shufaa, wale wanaowatuliza maumivu wagonjwa kama baba, ndo alikaa naye, akamweleza mwili kuzoea dawa ni kitu kimoja na uraibu ni kitu kingine, kwamba tatizo ni kuikatisha ghafla, na kwamba anayekunywa kwa saa yake kwa kipimo chake ili aweze kukaa na kuongea na watoto wake hajafanya kosa lolote. Baba akarudi kwenye ratiba. Jioni ile alikaa sebuleni mpaka taarifa ya habari ikaisha.

Basi nikamwachia mdogo wangu yote haya, vitambulisho kwenye bahasha, barua, cheti, daftari. Alikuwa na wasiwasi, aliniuliza mara tatu kama hawatamkatalia kwa kuwa wamezoea sura yangu. Jumatatu saa tano simu ikaita, namsikia anaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Dada niko dirishani. Wamekubali barua, dawa ipo. Anauliza mzee alipata choo lini mara ya mwisho."

Nikamwambia fungua daftari, ukurasa wenye kialama cha uzi mwekundu. Nikasikia karatasi zinageuzwa, alafu nikamsikia anamsomea mfamasia.

"Jana asubuhi, dokta. Na usiku alilala mpaka saa kumi na moja."