Kioo kipya, kamera inatazama pembeni

Wiki tatu zilizopita mama mmoja aliniletea gari akaniambia limeingiwa na woga. Ndilo neno alilotumia. Alikuwa kwenye kona ya kawaida, barabara tupu mbele yake, gari likapiga kelele na kufunga breki lenyewe, na aliyekuwa akimfuata akamkosa kidogo tu. Siku chache baadaye ikamtokea tena alipokuwa akipita kando ya lori lililoegeshwa. Tangu hapo kila akifika penye magari yaliyopaki mwili wote unamkaza.

Sikuhitaji kufungua boneti. Niliinamia kioo cha mbele, nikaona gundi mpya ukingoni na kioo kisicho na hata mkwaruzo mmoja wa waipa.

"Mama, kioo hiki kimebadilishwa lini?"

"Miezi miwili sasa. Kilipigwa na jiwe, kikapasuka."

"Na kamera walikupimia?"

"Kamera ipi, fundi?"

Huu ni mwaka wangu wa 16 nabadilisha vioo vya magari. Zamani kazi ilikuwa moja: unakata gundi ya zamani, unatoa kioo, unasafisha fremu, unapaka gundi mpya, unabandika, unamwambia mwenye gari asubiri ishike. Siku hizi, kwenye magari mengi mapya, juu ya kioo, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma, pana kijisanduku cheusi kisichozidi kiganja. Ndani yake mna kamera. Mara nyingi inasaidiana na rada iliyofichwa nyuma ya nembo au ndani ya bampa. Rada inajua umbali wa kitu na kasi yake. Kamera inatambua kitu chenyewe: gari, mtu, baiskeli. Kompyuta ikiona mnaelekea kugongana inakupigia kelele kwanza. Usipofanya kitu, inafunga breki yenyewe.

Kifaa hiki cha kufunga breki chenyewe sasa ni lazima kisheria sehemu nyingi. Umoja wa Ulaya ulianza na aina mpya za magari Julai 2022, na tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe nacho. Japani ilianza na aina mpya Novemba 2021. Australia ilifikia magari mapya yote madogo Machi 2025. Marekani watengenezaji 20 waliahidi mwaka 2016 kukiweka kwa hiari, kisha Aprili 2024 mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ikatoa kanuni yenye tarehe ya mwisho Septemba 2029. Kanuni hiyo ni kali. Gari liweze kukwepa kabisa kugonga gari lililo mbele hata likiwa kwenye kasi ya takribani kilomita 100 kwa saa, na limtambue mtembea kwa miguu mchana na gizani. NHTSA yenyewe ilikadiria kuwa itaokoa angalau watu 360 kwa mwaka na kuzuia majeruhi wasiopungua 24,000.

Naziunga mkono sheria hizi kwa moyo wangu wote, na nitasema kwa nini.

Mwaka juzi nilikuwa barabarani najaribu gari nililotoka kulibadilishia kioo. Ilikuwa jioni, mvua imekatika, lami inang'aa. Upande wa pili basi limesimama, watu wanashuka. Macho yangu yalikuwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akisitasita ukingoni upande wangu, ndiye niliyemhofia. Mtoto wa kike mwenye begi mgongoni akachomoka nyuma ya basi akikimbia. Mguu wangu ulikuwa bado kwenye kanyagio la mafuta. Nilisikia kelele, mkanda ukanibana kifua, gari likainamia mbele na kusimama. Breki nilikuja kuikanyaga mimi baada ya kila kitu kwisha. Yule mtoto hakuanguka wala hakuguswa. Alinitazama, akashika kamba za begi lake kwa mikono yote miwili, akamalizia kuvuka.

Nilitoa gari barabarani nikakaa nalo pembeni mpaka mikono ikatulia. Kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde, na binadamu aliyeshtuka anahitaji sekunde nzima, pengine zaidi, kabla mguu haujafika kwenye breki. Sikuwa nazo hizo mita. Nilichokuwa nikikifikiria ni mchana wa siku ileile gereji, mimi nimepiga magoti na tepu mkononi, na kijana ninayemfundisha kazi ananiambia, "Fundi, milimita tano si kitu." Nilikuwa nimemjibu turudie kupima, bila maelezo. Niliporudi ndipo nilipomweleza.

Maana kamera ya gari hailengwi kwa macho. Kwanza unahakikisha sakafu ni tambarare kwa pimamaji. Unajaza upepo kwenye matairi kama kiwanda kilivyoagiza, unatoa mizigo kwenye buti, kwa sababu gari lililolala nyuma linaifanya kamera itazame juu. Unatafuta mstari wa katikati ya gari, unasimamisha ubao wenye michoro myeusi na myeupe kwa umbali na kimo ambacho kiwanda kimeandika, halafu ndipo unaunganisha kompyuta ili kamera ijifunze upya mbele ni wapi. Magari mengine yanataka baada ya hapo uyaendeshe kwa kasi fulani kwenye barabara yenye mistari inayoonekana. Kazi ya kubandika kioo inaweza kwisha, na hii ya kamera ikala nusu siku.

Basi gari la yule mama lilikuwa limepotea kwa digrii moja na kitu upande wa kushoto. Digrii moja mtu hawezi kuiona. Lakini ukiifuata hadi mita 50 mbele, kamera inakuwa imekosea karibu sentimita 87. Hapo lori lililoegeshwa kando linaonekana limesimama njiani. Lililonitisha zaidi ni upande wa pili wa kosa hilohilo: mtu aliyesimama njiani kweli anaweza kuonekana yuko kando, salama. Mama alikuwa akilalamikia breki zilizofungwa bila sababu. Mimi nilikuwa nikifikiria ile ambayo ingehitajika na isifungwe.

"Mbona hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi?" akaniuliza.

"Mama, mara nyingi taa huwaka kamera ikijua kwamba haioni. Hii inaona vizuri sana, ila inatazama pembeni."

Akanyamaza kidogo, akaniambia ndiye anayewapeleka wajukuu wake shule kila asubuhi kwa gari hilo.

Hapa ndipo ninapoona sheria imeishia njiani. Inamkaba mtengenezaji mpaka siku gari linapouzwa, kisha gari linaishi miaka 15 mikononi mwetu sisi mafundi. Kioo kinapasuka. Bampa linagongwa, mtu analijaza pati na kulipaka rangi juu ya mahali rada inapochungulia, na rangi nene tu au pati yaweza kuiharibia rada kazi. Springi zinabadilishwa, gari linanyanyuliwa. Kila moja ya kazi hizo sasa ni kazi ya breki, na anayeifanya huenda hajui kwamba amegusa breki. Siwalaumu mafundi wenzangu kwa moyo mbaya, mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa kamera hizi nilirudisha magari bila kupima, kwa sababu hakuna aliyeniambia. Magari hayo nayakumbuka. Mawili niliwatafuta wenyewe wakarudi.

Mkaguzi akikuta taa ya mbele inamulika juu mno anakurudisha ukairekebishe. Kamera ipewe hadhi hiyohiyo. Fundi anayebadilisha kioo alazimike kutoa karatasi ya vipimo, na bima inayolipia kioo ilipie na kuilenga kamera bila kubishana. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa kioo kipya kitakuwa tayari baada ya saa moja na bei ni nusu, uliza swali nililomuuliza yule mama.

Wapo wanaosema kifaa kinawalemaza madereva. Nimewasikia, na hofu yao ina ukweli ndani yake, kwa sababu breki hii haioni kila kitu. IIHS, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, ilikuta kwamba inapunguza takribani nusu ya ajali za kugonga gari la mbele kwa nyuma, na ajali za watembea kwa miguu kwa asilimia 27, lakini kwenye barabara zenye giza zisizo na taa haikuona tofauti. Matope juu ya kioo nayo huifumba kamera macho. Kwa hiyo endesha kana kwamba haipo. Ila usiizime, na mtu asikushauri uizime eti inasumbua. Ikisumbua, ilete ipimwe.

Gari la mama lilichukua saa nne. Nilipomaliza nilimpa karatasi yenye tarehe na kipimo cha kabla na cha baada, nikamwomba aiweke kwenye kisanduku cha dashibodi asiitoe hata akiuza gari. Kijana wangu ndiye aliyeshika tepu safari hii. Alipima mara tatu bila kuambiwa.