Askari wa Uwanja Mtupu

Hamidu ameoa Jumamosi, kazini tumeambiwa kwamba karakana itahamia Bugembe kabla ya mwezi kwisha, na Sauda ameleta alama za hisabati ambazo hata yeye hakuzitarajia. Lakini kwa siku hizi zote nimekuwa nikiyarudia maneno ambayo Mama aliyasema akiwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha nyuma, na usiku huu nayaandika ili niyatue.

Mnaijua kompyuta yangu ya saba ya kujiundia kwa mkono, ile niliyoianza wakati wa mvua za Machi. Kwa wiki tatu ilikuwa haionyeshi dalili ya uhai. Prosesa yake, yaani ubongo unaotekeleza amri, ni Z80, chipu ambayo Zilog waliitoa mwaka 1976, na nilikuwa nimeikagua miguu yake yote 40 mpaka nikawa naiota. Kosa lilikuwa kwenye mguu wa 24, ule unaoiamuru prosesa isubiri. Nilisahau kuuunganisha na volti 5, ukabaki unaelea, na mguu unaoelea hutii chochote, hata kidole kinachopita karibu. Ijumaa jioni nililehemu rezista moja ya omu 10,000, nikawasha umeme, na vitaa vyote 16 vinavyoonyesha anwani, yaani namba ya mahali pa kumbukumbu ambapo prosesa inauliza, vikaanza kuhesabu.

Hili ndilo jaribio ninaloanza nalo kila mara tangu nilipokuwa kijana. Kabla ya kuipa prosesa kumbukumbu wala programu, nazifunga nyaya zake nane za data kwenye sifuri. Kwa Z80 sifuri ni amri kamili: usifanye lolote, nenda anwani inayofuata. Basi huuliza anwani ya kwanza, hujibiwa sifuri, husogea; huuliza ya pili, hujibiwa vilevile, mpaka izimalize anwani 65,536 na kuanza upya. Nilikuwa nimeipunguzia mapigo hadi 10,000 kwa sekunde, na kila anwani huchukua mapigo manne, kwa hiyo mzunguko mzima ulichukua kama sekunde 26. Vitaa vya kulia vilikwenda kasi hata jicho likaona mwanga mmoja tu, na kile cha kushoto kabisa kiliwaka na kuzimika taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Nilimwita Mama kwa furaha. Alikuja mpaka mlangoni, akajifuta mikono kwa kanga, akatazama.

“Inahesabu nini, mwanangu?”

“Haihesabu kitu, Mama. Inapita kila mahali pa kuwekea kumbukumbu, inakuta hapana kitu, inaendelea.”

Akanyamaza kidogo. “Basi ni askari anayelinda uwanja mtupu,” akasema, kisha akarudi jikoni kwa wageni wa harusi.

Nilimjibu, “Ndiyo, Mama,” ilhali alikwisha ondoka. Maneno yale yalinichoma. Nikiwa nimebeba viti Jumamosi niliyasikia, na Jumapili, nilipomsindikiza kwenye teksi ya kurudi Bombo, nilitafuta njia ya kumweleza kwamba huo ni mwanzo tu, kwamba nikishaweka kumbukumbu na programu mashine itaandika na kukokotoa, na kwamba miaka 30 na zaidi ya jioni zangu haikwenda kulinda utupu. Sikumwambia. Nilimbebea mfuko, nikalipa nauli.

Jana umeme ulikatika saa mbili usiku, nikakaa gizani kando ya meza, na ndipo nilipomkumbuka Baba. Sijui kwa nini nilichelewa hivyo. Alikuwa askari wa usiku katika kiwanda cha nguo hapa Jinja, na aliendelea kukilinda hata miaka ile ambayo mashine zilikuwa zimesimama na ndani hamna uzi wala kitambaa. Begani alining’iniza saa nzito, na katika kila pembe ya ukuta palikuwa na ufunguo uliofungwa kwa mnyororo. Aliuingiza katika saa, akauzungusha, na karatasi iliyokuwa ndani ikapata alama kwamba amefika. Hapana kitu. Pembe inayofuata. Hapana kitu. Chai yake ya chupa aliiandaa Mama kila jioni tulipokuwa tukiishi Walukuba, naye ndiye aliyemfungulia mlango kila alfajiri. Katika watu wote niliowahi kuwaonyesha jaribio lile, wakiwemo mafundi, hakuna aliyewahi kulieleza kwa usahihi kama yeye.

Kumbukumbu ninayo tayari, chipu moja ya kusoma tu na moja ya kuandikia, kila moja ya baiti 32,768, lakini bado sijazifungua zile nyaya nane kutoka kwenye sifuri. Umeme uliporudi niliiacha izunguke mpaka saa sita.

Jambo jingine. Leo asubuhi, nikiokota vipande vya waya, nimeikuta miwani ya Mama juu ya meza, kando kabisa ya ubao wa kompyuta, ilhali siku ile ya Ijumaa hakuvuka kizingiti. Nimempigia simu mara nne na haipatikani. Vidonge vyake vya presha vya asubuhi na vya usiku ni vyeupe vyote, na bila miwani hawezi kusoma kilichoandikwa kwenye pakiti.