Jozani na Kizimkazi: uliza mwezi kwanza

Wanaotoka mjini Unguja kwenda msitu wa Jozani huuliza kiingilio. Cha kuuliza kwanza ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume chake.

Kwenye daraja la mbao la mikokoni, pale Jozani, mimi napendelea maji yakiwa yametoka. Tope lote ni kaa, na kila mti unaonekana unavyoishi: mkoko umesimama juu ya miguu yake, muia umekunja magoti, mchu umechomoza mizizi ya kupumulia kama vidole. Inama upitishe ulimi kwenye jani la mchu, bila kulichuma. Chumvi tupu! Mti huo hunywa maji ya bahari na kuitolea chumvi majanini. Mbao zikilowa huteleza, basi vaa viatu vyenye meno.

Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, watafute asubuhi au jua likipoa, upande wa kusini wa barabara, karibu na mashamba. Mchana wamejilaza juu. Kaa nao mbali mita 3 hata wakikusogelea wenyewe, maana mafua yetu huwapata. Chakula usiwape kabisa. Hupenda majani machanga ya mkungu na mwembe, ambayo yana kemikali za kuwasumbua tumbo, kwa hiyo huokota makaa ya kuni wakayatafuna, na makaa huzinyonya. Mnyama mwenye akili hiyo kufa kwa tairi la gari inauma. Matuta ya barabarani pale yamewekwa kwa ajili yake. Dereva akiyaparamia, mwambie.

Kwa kijiji cha Kizimkazi unakunja Kitogani. Msikiti wa kale wa huko, upande wa Dimbani, bado unasaliwa: nenda kati ya Adhuhuri na Alasiri, Ijumaa uache, jistiri, vua viatu, umwombe msimamizi ruhusa. Kwa nje ni jengo la kawaida lenye paa la mabati, na wengi hugeuka wakidhani wamepotea. Sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18, lakini kibla kina maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Usiyaguse, jiwe la matumbawe hunyonya jasho. Chukua tochi ndogo uyamulike kutoka ubavuni. Ukimulika kwa mbele herufi hupotea. Kwa ubavuni kila mchongo hutupa kivuli chake.