“Nameza, mama”

Hivyo tu ndivyo Baba alivyonijibu Jumanne, wala hakupandisha sauti. Maneno hayo mawili nimeyasikia wiki nzima, hata Jumamosi Salma alipovishwa pete na nyumba ikapasuka kwa vigelegele.

Mnajua tangu Februari, alipopata mshtuko wa moyo akawekewa stenti, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, dawa zake nasimamia mimi. Damu ilipoganda tena mle ndani ya stenti, nilimvaa palepale kitandani: “Baba, sema kweli, kile cha asubuhi unameza au unatupa?” Mama anasikia, wauguzi wanasikia. “Nameza, mama.” Nikaguna. Jamani, nilimgunia baba yangu.

Nilikuwa na Baba Mdogo kichwani. Naye aliwekewa stenti, akapewa kidonge hichohicho cha asubuhi, klopidogreli ya kuzuia damu isigande, na leo anakwenda shamba kwa baiskeli. Nikaona kosa haliwezi kuwa la dawa.

Alhamisi daktari akanikalisha. Kidonge kile, akasema, kinaingia mwilini kimelala. Ini ndilo linalokiamsha, kwa kimeng’enya kiitwacho CYP2C19. Jeni yake kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Aliyerithi mbili dhaifu anaweza kumeza kila siku na dawa isiamke ya kutosha, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane. Kipimo chake hapo hawana, kwa hiyo hakuapa kwamba ndicho kilichompata Baba, ila amembadilishia tikagrelori, isiyongoja kuamshwa na ini. Asubuhi na jioni. Usiku nikasoma kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo hilo kwenye klopidogreli tangu Machi 2010. Nilikuwa kidato cha pili!

Jana nafagia chumbani kwake, nikakuta kopo la maziwa chini ya kitanda. Ndani mna karatasi za vidonge tangu Februari, zimefungwa kwa mpira mwezi kwa mwezi, kila tundu limepasuliwa, na kila karatasi ina tarehe kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa karani wa bandari. Nililia nimekaa sakafuni, ufagio mkononi.

Nikamfuata barazani. “Baba, nisamehe.”

“Kwa lipi tena?” Akasogea kwenye mkeka nikae, akanipa chungwa nimmenyee. Tulikaa pale hadi magharibi akinisimulia meli za zamani, na jioni kidonge alikidai mwenyewe kabla sijainuka.