Siku moja na mirija ya nyongo iliyopanuka, Lubumbashi

Saa 1 asubuhi. Foleni bado ndogo na juu ya meza yangu kuna karatasi za ekografi (picha za tumbo za ultrasound) za jana, karibu zote zimeandikwa kitu kimoja: mrija mkubwa wa nyongo, ule unaoitoa kwenye ini kuipeleka utumboni, umepanuka, sababu haionekani. Karatasi ya hivyo inamnyima mtu usingizi, ameisha kuisomesha kwa jirani na kwa mchungaji kabla ya kufika kwangu, na mimi kila siku narudia ileile kwamba milimita peke yake sio ugonjwa, uliza kwanza huyo mrija uko ndani ya tumbo la nani.

Saa 2. Mama mmoja wa Katuba, miaka 68, mrija milimita 10. Hata hajakaa: "Docta, balisema njo kansa?" Namwambia mama ukae kwanza, tuongee. Kawaida mrija haupiti milimita 6, lakini ukishapita miaka 60 unaongezeka kidogokidogo, tunahesabu kama milimita 1 kwa kila miaka kumi, na mtu aliyetolewa kibofu cha nyongo anaweza kufika 10 bila shida yoyote. Yeye alitolewa kitambo, kovu lipo, kwenye karatasi hakuna aliyeandika! Namsogeza dirishani nivute kope la chini, maana umanjano wa macho unautazama kwa mwanga wa jua, chini ya taa unakupita hivihivi. Macho meupe. Hana maumivu, hajakonda, hawashwi. Mtoto wake wa kiume anasisitiza IRM (ile mashine ya picha ya MRI) leo leo, namwambia papa, pesa itunzeni kwanza, tupime damu: bilirubini, fosfatasi alkalini, gama-GT na transaminazi, ndizo zinaonyesha kama nyongo imezibwa au ini linaumia. Hizo zikiwa sawa na mama hana dalili, hatukimbilii mashine.

Saa 4 niko chumba cha ekografi na kijana mwenye drepanositozi (ugonjwa wa selimundu), mrija milimita 9. Huyu ananisumbua kichwa kweli, kwa sababu anapata morfini maumivu yakimzidi, na morfini inabana mlango wa Oddi, kale kamsuli kanakofungua nyongo iingie kwenye utumbo (Ruggero Oddi alikaeleza mwaka 1887), sasa mlango ukibanwa nyongo inarudi nyuma na mrija unavimba. Lakini haohao wa drepanositozi chembe zao nyekundu za damu zinavunjika kila wakati na wanatengeneza mawe ya nyongo wakiwa bado wadogo, kwa hiyo siwezi kuitupia dawa lawama nikamrudisha nyumbani. Nampa maji anywe, namgeuza ubavu, nasubiri gesi isogee nione ile sehemu ya chini karibu na kongosho, ndiko mawe yanajificha na ndiko ekografi inashindwa mara nyingi. Sioni jiwe. Kutoliona sio kwamba halipo. Gama-GT yake iko juu, basi huyu ndiye naandikia bili-IRM, yaani IRM ya mirija ya nyongo, nyumbani kwao wameisha kuanza kuchanga.

Kuna siku sababu inajionyesha yenyewe, mnyoo mrefu umepanda toka utumboni mpaka ndani ya mrija, kwenye skrini ni mistari miwili inayocheza, unatoa dawa ya minyoo na unamfuatilia. Leo hapana.

Saa 7 mchana nakula bukari (ugali) na kapenta harakaharaka.

Saa 8. Muzee, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi, kaja na binti yake. Suruali kaifunga kwa kamba, mkanda hauna tundu la kutosha tena, na mikono yote ina alama za kujikuna. Mrija milimita 14, mrija wa kongosho nao umepanuka, sukari imepanda mwaka huu tu, na haumwi sana. Hapa sitaki kusikia habari ya kungoja. Mirija miwili kupanuka pamoja na mtu kukonda, kitu cha kwanza kufikiria ni uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Familia wanataka kuvuka kwenda Zambia wamwekee kamrija ka kupitisha nyongo, nawaelewa kabisa, ila nawaomba skana (picha ya CT) yenye dawa ya kontrasti itangulie, kwa sababu kamrija kakishaingia picha inachafuka na mpasuaji hajui tena kinachotoka na kinachobaki. Tena ile endoskopi ya CPRE, kamera inayopita mdomoni mpaka kwenye mlango wa nyongo kuweka hako kamrija, sio ya kutazamia tu, inaweza kufanya kongosho livimbe na kuuma, unaingia kwa ajili ya kutibu. Binti ananiuliza pembeni kama ampe muzee ukweli. Nikamwambia tantini, muzee ameniuliza mwenyewe na nimeisha kumjibu.

Saa 11 jioni majibu ya mama wa Katuba, yote sawa. Nampigia, anapiga vigelegele kwenye simu. Namkumbusha arudi kwa kontroli, na akiona macho manjano, mkojo kama chai au homa asingoje tarehe.

Saa 3 usiku mwenzangu wa gardi (zamu ya usiku) anapiga: mgonjwa ana homa 39.5, anatetemeka, macho manjano, mrija milimita 8 tu, angoje IRM ya kesho? Asingoje hata kidogo! Hiyo ni maambukizi ndani ya mrija na inaua upesi, achukue damu ya kuotesha vijidudu, aanze seramu ya mshipani na antibiotiki sasa hivi, amwite mpasuaji kwa sababu nyongo iliyozibwa mle ndani lazima ifunguliwe njia itoke. Navaa viatu, narudi.