Udongo unaoupeleka maabara umeuchota wapi?

Wakulima wenzangu wa Tabora, sahivi kila unakopita watu wanaulizana mbolea ya ruzuku itafika lini, DAP (ya kupandia, yenye fosforasi) shilingi ngapi, urea (ya nitrojeni) ipo au haipo. Anayeuliza shamba lake linataka nini sijamsikia bado na inaniuma, maana kuna watu wanauza mbuzi ili wanunue hiyo mifuko.

Alafu hata wale wachache wanaopima, ukiona wanachopeleka unasikitika. Mtu anachota konzi mbili pembeni ya njia, anatia kwenye mfuko uliokuwa na urea, huyo maabara. Sasa hapo nitrojeni si lazima isome juu? Maabara inapima ulicholeta basi, shambani kwako hawajafika.

Juzi tulikuwa kwa mama mdogo Uyui kuchukua sampuli za shamba la mahindi, akaanza kuchimba kwenye kichuguu. Nikamwambia mama hapo tupaache. Akasema "mbona ndo mahindi yanapokubali?" Nikamwambia ndo sababu yenyewe, mchwa wamepandisha udongo wa chini wenye mfinyanzi na mara nyingi kalsiamu nyingi, ukichanganya na udongo wa kichanga wa kwingine, pH (kipimo cha tindikali, ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) kwenye karatasi inapanda wakati shamba lenyewe lina tindikali. Palipokuwa na zizi napo unaruka, na palipokuwa na bani (banda la kukaushia tumbaku), kwa sababu ya majivu.

Basi tukaenda zigizaga shamba zima. Kila tukisimama tunafagia majani ya juu, tunachimba mpaka sentimita 20, tunakata kipande chembamba ukutani mwa shimo kuanzia juu hadi chini, kinaingia kwenye ndoo ya plastiki (ya bati hapana, ina zinki). Sehemu 15 hadi 20 zinatosha. Ukishachanganya unamwaga kwenye turubai safi, unagawa mafungu manne, unatupa mawili yanayotazamana, unarudia hivyo mpaka ibaki kama kilo moja, unaanika kivulini. Mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) ya kule bondeni tuliipa mfuko wake na jina lake, ukiichanganya na kichanga majibu yake hayafai kwa shamba lolote.

Kwa nini nasisitiza pH hivi? Ikishuka chini ya 5.5 alumini inaanza kuyeyuka kwenye udongo, mizizi inadumaa, na fosforasi inashikwa na hiyo alumini pamoja na chuma, kwahiyo DAP umeiweka na hela umetoa ila mmea unaambulia kidogo sana. Na DAP na urea zenyewe zinaongeza tindikali mwaka hadi mwaka. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, lakini msikopiane vipimo jamani, mashamba mawili yanaweza kusoma pH 5 yote na la kichanga likataka chokaa kidogo kuliko la mfinyanzi, ukizidisha mmea unakosa zinki. Kwahiyo ukiwa maabara omba wakupe na kiwango cha chokaa kwa ekari. Uliza pia fosforasi wamepima kwa njia gani, kwa udongo wenye tindikali hutumika Bray 1, wenye pH ya juu ya 7 ni Olsen, na namba za njia hizi mbili hazilinganishwi.

Wa karanga na wafuga kuku mnaopima chakula cha kuku, kuchota sampuli ni yale yale. Sumukuvu (sumu ya ukungu) haikai sawasawa kwenye gunia, punje chache zinaweza kubeba sumu yote, sasa ukichota juu ya gunia moja unaweza kuambiwa safi wakati stoo siyo safi. Choteni magunia mengi, juu, katikati na chini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hii hii, na kupika hakuiondoi.

Kwa kuanzia hapa kwetu nendeni TARI Tumbi (taasisi ya utafiti wa kilimo) mkaulize, kituo cha taifa cha udongo ni TARI Mlingano kule Tanga, SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro nao wanapima. Chakula cha mifugo ulizeni TVLA (wakala wa maabara za mifugo), wana kituo Tabora. Ila pelekeni Julai au Agosti, mvua zetu zinaanza Novemba na chokaa inatakiwa iingie ardhini wiki kadhaa kabla ya mbegu. Ukisubiri mpaka Oktoba majibu yatakukuta umeshapanda.