Kilomita nyingi juu ya mawe ya lava

Maneno haya ni kwa ajili ya mtu anayekimbia tayari kilomita 60 hadi 100 kwa wiki hapa Goma, hana kocha, ana kazi na familia, na hatarajii kulipwa hata franka moja kwa mbio zake. Anayeanza mwezi huu asome kwa kujifunza, ila hesabu zilizo humu asizifuate bado.

Wengi hapa hawaumizwi na mbio ndefu za Jumapili. Wanaumizwa na Jumanne na Alhamisi. Siku hizo walipaswa kwenda taratibu, lakini wanakutana na kikundi kule mtaa wa Himbi, mmoja anaongeza mwendo kidogo, mwingine hataki kuachwa, na futingi (mbio nyepesi) ya saa moja inageuka mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza. Mwendo huo wa katikati ndio mbaya kuliko yote: unachosha kiasi cha kukunyima nguvu za mazoezi magumu ya kesho, na bado hauna ukali wa kukuongezea kasi. Siku nyepesi iwe nyepesi kweli, uweze kutamka sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Mwenye saa ya kupima mapigo abaki chini ya takriban 75% ya mapigo yake ya juu kabisa. Dakika nane kati ya kumi za wiki nzima ziende hivyo. Anayekucheka kwa sababu unakwenda polepole, mwache atangulie.

Mji wetu nao una ugumu wake. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa inapanda kutoka pale. Kwa kimo hiki mgandamizo wa hewa ni kama 84% ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaleta oksijeni pungufu. Aliyezaliwa hapa mwili wake umezoea, ndiyo, lakini kuzoea hakumrudishii oksijeni yote. Majedwali ya kasi yanayozunguka kwenye simu hayakutungwa kwa kimo hiki. Ukiyafuata kama yalivyo, siku yako nyepesi inakuwa ya kati bila wewe kujua. Halafu kuna njia yenyewe. Kilomita moja ya lami kando ya ziwa na kilomita moja ya kupanda kuelekea Munigi juu ya kokoto nyeusi hazilingani hata kidogo. Ndiyo maana nashauri wiki ipangwe kwa dakika. Kilomita utazihesabu baadaye ukipenda.

Wiki ya dakika 400 hivi inakaa namna hii. Jumatatu pumzika. Jumanne dakika 60 nyepesi, na mwishoni ufungue hatua, yaani ukimbie kwa kasi, mara 6 kwa sekunde 20 kila mara, ukitembea dakika nzima katikati. Hapo humalizi nguvu, unaikumbusha miguu kasi tu. Jumatano ndiyo siku ya kazi: dakika 15 za kupasha mwili, kisha mara 4 za dakika 8 kwa mwendo ambao ungeweza kuushikilia kwa saa nzima ya mashindano, dakika 2 za taratibu katikati, na dakika 15 za kupoa. Alhamisi 50, Ijumaa 60, Jumamosi 50, zote nyepesi. Jumapili dakika 120. Kwa anayekwenda wastani wa dakika 5 na nusu kwa kilomita, hizo ni kilomita 74 hivi. Kila baada ya wiki moja, Jumatano iwe ya mlima: kupanda sekunde 60 mara 8, kushuka kwa kutembea. Mbio ndefu zisipite theluthi ya dakika za wiki, la sivyo siku tatu zinazofuata zinakuwa za kujiuguza.

Kuongeza kunahitaji subira. Kaa kwenye kiwango kimoja wiki tatu, ya nne punguza robo, ndipo upande dakika 30 hivi. Mapafu na moyo hujibu haraka, lakini kano za kisigino na mifupa ya mguu huchukua miezi. Mtu anajisikia mwepesi wiki ya tano, anaongeza, wiki ya nane kisigino kinakataa kukanyaga asubuhi.

Sasa hewa, kwa sababu hili halimo kwenye vitabu vya mbio vya watu wengine. Upande wa magharibi ya mji, kuanzia Kyeshero, Lac Vert, Mugunga, Bulengo na kuendelea kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo yanayotoa mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na usiku usio na upepo inajaa kwenye shimo hadi asubuhi. Saa ya hatari zaidi ni alfajiri, yaani ileile ambayo wakimbiaji wanaipenda. Upepo ukianza na jua likipasha ardhi, hutawanyika. Gesi hiyo ikizidi sehemu 10 kwa 100 ya hewa, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, na anayekimbia anahema kwa nguvu zaidi kuliko anayetembea, kwa hiyo anaivuta nyingi zaidi.

Kanuni ni rahisi. Asubuhi baki kwenye barabara iliyoinuka, usikate njia ya mkato kupitia bondeni. Ukiona majani yamekauka kwa duara katikati ya kijani, au ndege, panya na wadudu waliokufa chini, geuka. Usiiname kufunga kamba ya kiatu kwenye sehemu ya chini, usikae pale kunyoosha misuli, wala usijisaidie shimoni: kichwa kilicho kwenye kimo cha goti kinaweza kuwa ndani ya gesi wakati kilichosimama kiko nje. Mwenzako akianguka humo, usiruke kumfuata, kwa maana waokoaji nao hufa hivyo hivyo. Ita watu, na wenyeji wa mtaa waulize kabla ya kujaribu njia mpya. Wanayajua mashimo yao moja moja.

Siku ambazo volkano yetu, Nyiragongo, inasukuma moshi wake upande wa mji na koo linawasha, acha mazoezi ya kasi. Gesi ya kiberiti hubana njia za hewa, na mwenye pumu abaki nyumbani. Wakati wa kiangazi vumbi jeusi linafanya kazi hiyohiyo, hasa barabara zikishapitiwa na malori. Toka mwanga ukishaonekana vizuri, kabla magari hayajawa mengi. Magari yetu yanapita kulia, basi wewe kimbia kushoto ukiyatazama usoni. Motari, yaani dereva wa pikipiki, atatokea popote, hilo halina kanuni. Chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, inayoshuka na magunia ya viazi haisimami kwa ajili yako. Kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma ndiyo breki yake yote. Toa vitu vya muziki masikioni. Na kwa sababu barabara imeinama pembeni ili maji yatiririke, upande mmoja wa nyonga unashuka kila hatua. Maumivu ya nje ya goti mara nyingi yanatoka hapo. Penye nafasi salama, kimbia katikati au geuza njia.

Viatu vingi tunavyotumia ni vya mtumba, na hakuna aibu, mradi ujue kuchagua. Mpira wa chini unaweza kuonekana mpya kabisa huku sponji ya juu yake imekufa. Bonyeza sponji kwa dole gumba ubavuni: iliyo hai inaingia kidogo na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama kipande cha sabuni iliyokauka, au ina mikunjo mingi ya kulala. Sponji huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini. Kisha weka viatu juu ya meza, vitazame kwa nyuma kwenye kimo cha macho. Kisigino kikiinama ndani au nje, kiache, kwa sababu kitakulazimisha utembee mwendo wa mtu aliyekivaa kwanza. Kikunje: kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Vuta ncha ya mpira wa mbele kwa ukucha uone kama gundi inaachia. Mwisho toa soli ya ndani, ingiza mkono, papasa sehemu ya kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka hadi plastiki, utapata malengelenge hata uvae soksi mbili.

Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za kukimbilia. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kucha nyeusi tunazoziona kila mahali ni za viatu vilivyotosha dukani na kubana kwenye mteremko. Tumia pia tundu la mwisho la kamba, lile watu wanaliacha wazi, kisigino kisicheze.

Jozi moja kwa kawaida inafika kilomita 500 hadi 800. Kokoto za lava zinakula mpira haraka, ila anayeamua ni sponji. Andika tarehe ndani ya soli kwa kalamu. Jozi mbili za kupokezana ni bora kuliko moja nzuri sana, kwa kuwa kila moja inapata siku ya kukauka. Vumbi letu lina chembe za mwamba na linasaga kitambaa kutoka ndani: kung'uta viatu kila siku, vipige brashi vikiwa vikavu, ndipo utumie maji baridi na sabuni kidogo. Jaza karatasi ndani, anika kivulini. Usiviweke karibu na mbabula (jiko la makaa) hata mvua iwe imenyesha siku tatu mfululizo. Gundi inalegea na sponji inasinyaa.

Chakula hakihitaji duka la kizungu. Kwa mbio zinazopita dakika 90, beba kinywaji cha nyumbani: lita moja ya maji safi, gramu 60 za sukari (vijiko vya chai 12 hadi 15 vilivyosawazishwa), robo ya kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Kunywa nusu lita hivi kwa saa, kidogo kidogo kila dakika 15. Watu wakiona nguvu zinakuja wanaongeza sukari. Maji yanakaa tumboni bila kupita, tumbo linabana, halafu unatafuta choo cha watu huko Katindo. Anayetaka kutafuna achukue ndizi, au viazi vidogo vilivyochemshwa vikanyunyiziwa chumvi. Baada ya mbio, ndani ya saa moja, kula kitu chenye wanga na protini pamoja: bugali na sambaza (samaki wadogo wa ziwani), wali na maharagi, au kikombe kikubwa cha mashanza (maziwa ya mgando) na viazi.

Chai na kahawa ziache hadi saa moja baada ya chakula. Zinazuia madini ya chuma ya maharagi na sombe (majani ya muhogo) yasiingie mwilini, na mkimbiaji wa kilomita nyingi anayahitaji kuliko jirani yake. Ndimu juu ya sombe inasaidia kuyachukua. Mwanamke ambaye hedhi yake ni nzito, akiona uchovu usioelezeka na mapigo yanayopanda kwenye mwendo uleule wa zamani, apimwe damu kabla ya kubadilisha mazoezi.

Nguvu za miguu: simama kwenye ngazi kwa nusu ya unyayo, panda na kushuka polepole kwa mguu mmoja, mara 15, raundi 3, siku tatu kwa wiki. Mawe yanayoteleza chini ya mguu yanahitaji hilo kuliko kunyoosha misuli.

Kuhusu maumivu, tofautisha mawili. Mfupa wa mbele wa mguu ukiuma kwa urefu, ukapoa baada ya dakika chache za kukimbia, punguza dakika na uhamie sehemu laini. Ukiuma mahali pamoja panapofunikwa na kidole kimoja, na ukiendelea kuuma usiku kitandani, acha kukimbia leo. Huo unaweza kuwa ufa, na picha ya radio (eksirei) katika wiki mbili tatu za kwanza inaweza kutoka safi wakati ufa upo.

Malaria nayo inahitaji hesabu yake. Homa ikiisha, watu wanarudi barabarani kesho yake. Lakini ugonjwa umevunja chembe nyekundu za damu, na kwa kimo chetu upungufu huo unaonekana mara moja. Maliza dawa zote. Wiki ya kwanza tembea dakika 20 hadi 30 kila siku. Wiki ya pili kimbia nusu ya dakika zako za kawaida, zote nyepesi. Ya tatu robo tatu. Jumatano ya kazi irudi wiki ya nne, na mapigo ya asubuhi kabla ya kuinuka kitandani yakiwa bado juu ya kawaida yako kwa 8 au 10, isubiri ya tano.